Mkaa Usio na Moshi

Bereko, Kondoa
20 Mei 2024

Mwanangu Batuli,

Gunia linalokuja na barua hii usimgawie mtu, hata jirani akija na bakuli lake kuomba vipande viwili vya kuwashia. Nimeuchagua mkaa huu mwenyewe, kipande kwa kipande, nimekaa chini kwa Raphael mchoma mkaa, mguu uliovunjika, na hogo lake la plasta, nimeunyoosha mbele kama mpini wa jembe. Alinisubiri mpaka akachoka, akaenda kunywa chai, akarudi akanikuta bado nachagua. Akasema kitu. Sijui alisema nini, masikio yangu unayajua, ila uso wake haukuwa wa mtu anayenisifu.

Ni mkaa wa mgunga mkavu. Utakutosha wiki za mwanzo ukishajifungua. Ukiisha najua utakimbilia kununua huko huko Chang'ombe na watakuuzia majivu, kwa hiyo soma vizuri. Kwanza, usitazame mdomo wa gunia. Mdomo wa gunia kila siku ni mzuri, hapo ndipo wanapopanga vipande vinono. Mwambie akumwagie wa chini uone kama si chenga na mchanga. Pili, chukua vipande viwili uvigonganishe. Mkaa ulioiva unalia kama chungu. Ukitoa sauti ya mti, huo ni mbichi, utakujazia moshi ndani na macho ya mtoto yatavimba. Mimi ule mlio siusikii tena, lakini vidole vyangu vinausikia. Hapa Bereko bado wananiita niwachagulie, na mimi najishaua.

Mkaa usio na moshi hauna madhara. Huo ndio mkaa wa mzazi. Mimi nimewazaa nyote kwenye tembe la bibi yenu, moto pembeni ya kitanda siku zote arobaini, na hakuna aliyewahi hata kukohoa.

Nakuambia haya kwa sababu namkumbuka Zaituni. Mwaka jana mlikuwa kwenye kile chumba chenye dirisha la boksi, upepo wa Dodoma ukamwingia kifuani, na kichomi kikamchukua kabla sijafika. Safari hii mguu umenifunga, siwezi kuja kukukanda wala kukukalia. Basi uje mkaa badala yangu. Sitaki kuzika mjukuu mwingine kwa sababu ya baridi.

Usihangaike na simu. Meseji za simu ya ndugu yako Masudi zina herufi kama sisimizi, sizioni. Andika kwa herufi kubwa, mpe konda Stanley, ataniletea.

Mama yako,
Hamida


Chang'ombe, Dodoma
9 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Nimejifungua salama tarehe mosi, mtoto wa kiume. Abbasi amempa jina la marehemu baba, Shabani. Ana paji la uso la baba kabisa, akikunja uso nataka kumwamkia.

Gunia lilifika siku moja kabla ya uchungu. Mkaa ni kama ulivyosema, hauna moshi kabisa, unakolea mwekundu na kutulia. Na nyumba tuliyohamia ungeipenda, mama. Ina siling bodi, madirisha ya vioo ya kuteleza, sakafu ya vigae. Upepo wa kipupwe unavuma huko nje unarusha vumbi mpaka watu wanafumba macho, sisi ndani hata pazia halitikisiki. Nikikumbuka kile chumba cha mwaka jana nalia.

Nimekwenda pia kununua wa akiba, niliona ni afadhali kabla wa kwako haujaisha. Nimemfanyia muuzaji kama ulivyonifundisha, nikamwambia amwage wa chini. Aliniuliza kama nanunua mkaa au nachumbia. Nikagonganisha vipande mbele ya wateja wake, vikatoa sauti ya kuni. Nilichukua kidogo tu, nimeuweka nje kwa kupikia. Moshi wake unakohoza mtaa mzima. Wa kwako ndio wa chumbani.

Abbasi bado analinda kule Mtumba, anaondoka jioni na kurudi asubuhi, kwa hiyo usiku niko na Shabani peke yetu. Ni mtoto mtulivu, analala sana, halii. Mimi tu ndio kichwa kinaniuma nikiamka, na kichefuchefu kidogo. Mchana kinaacha. Miriam, jirani yangu, anasema niwe nafungua dirisha, lakini nikilifungua hata kidogo naogopa. Unasemaje?

Nakuombea mguu upone.

Mwanao,
Batuli


Bereko
13 Juni 2024

Mama Shabani,

Ngoja nikuite hivyo tena. Mama Shabani. Nimelia, nimecheka, nimemwonyesha kila mtu barua yako, hata wasiojua kusoma. Baba yako angekuwa hai angechinja.

Kichwa hicho ni baridi ya uzazi, imekuingia utosini. Mzazi yuko wazi mwili mzima, hata upepo mwembamba unampata. Huyo Miriam mwambie dirisha afungue kwake. Chini ya mlango je? Milango ya mjini ina mwanya chini, hapo ndipo baridi inapotambaa. Chukua ile kanga ya bluu niliyokupa, ikunje, uzibe. Mwenzake ninayo mimi. Na jiko usiliweke mbali mlangoni kama mgeni, lisogeze upande wa mtoto. Mtoto anayelala sana ni mtoto aliyepata joto. Zaituni, masikini, alikuwa anakesha.

Kunywa uji wenye pilipili manga. Naleta gunia lingine kwa Stanley, hili ni zuri kuliko la kwanza. Raphael sasa akiniona naingia uwanjani kwake anajifanya amelala.

Usiogope kitu. Safari hii tumejiandaa.

Mama yako,
Hamida


Chang'ombe
1 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Najua Masudi alishakufikishia. Nilimwambia asikupe kwa meseji, akuambie mwenyewe uso kwa uso, sijui alifanyaje.

Shabani tumemzika Jumapili ile, tarehe ishirini na tatu, karibu na dada yake. Watu walikuja wengi. Miriam hajaniacha, ananipikia na kunifulia.

Umeniuliza kupitia Masudi ni nini kilimpata. Ni baridi, mama. Ni kifua kama Zaituni. Hospitali walijitahidi.

Usitume mkaa mwingine. Tunao wa kutosha.

Nami niliugua kidogo, nililazwa, sasa nimetoka. Samahani kwa mwandiko.

Mwanao,
Batuli


Bereko
8 Julai 2024

Mwanangu,

Masudi alinikuta kwenye nyumba yake mpya, ametoka kupigiwa simu. Alitafuta kalamu hakuiona. Akachukua kipande cha mkaa akaandika ukutani, kwenye ukuta wake mpya alioupaka chokaa kwa mikono yake: SHABANI AMEFARIKI. Akakaa chini. Mpaka leo maneno yapo pale, Masudi anataka kuyafuta na mimi nakataa.

Ni mimi, Batuli. Ningetuma lile gunia la pili wiki moja mapema, na kubwa zaidi. Nililala kitandani nahesabu maumivu ya mguu wakati mtoto wako anapigwa na baridi. Nimeshindwa kumkinga Zaituni, nimeshindwa kumkinga Shabani. Mtu anayejisifu kwa mkaa wilaya nzima ameshindwa kuwapa joto wajukuu wawili. Nina hasira na Mungu, ninaomba msamaha, kisha hasira inarudi.

Sasa niko kwenye hii nyumba ya Masudi. Tembe ameniambia nisirudi, dari lake la udongo limeanza kumeguka na mguu wangu hauwezi kukimbia. Hii nyumba ni nzuri, ina siling kama ya kwako, lakini ni baridi ya sementi, inapanda miguuni mpaka magotini. Gunia la tatu nililokuwa nikuletee, ulipokataa nikalibakiza. Nawasha jiko pembeni ya kitanda changu kila jioni. Naona kama nawapasha joto ninyi. Ile kanga ya bluu, mwenzake na ya kwako, nimezibia mlango.

Kichwa kinaniuma nikiamka. Juzi nilikwenda kuchukua maji ya udhu miguu ikalegea, nikaanguka. Hogo wameshalitoa, kwa hiyo si mguu. Ni uzee na majonzi, na hii baridi.

Rukia, mkwe wa jirani yetu Mwanahawa, tumbo limeshuka, wakati wowote atajifungua. Mwanahawa amekuja kuniomba nimchagulie mkaa. Nilitaka kumfukuza. Nikaona hapana, angalau huyu apone. Nimemchagulia wa mgunga, unalia vizuri mkononi.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Mama yako,
Hamida


Chang'ombe
11 Julai 2024

Mama,

Toa jiko nje ya chumba chako kwanza, ndipo uendelee kusoma. Lisukume kwa fimbo, usilibebe. Fungua dirisha.

Barua yako nimeipata jana jioni. Nimempigia Masudi, yuko njiani na lori kuelekea Shinyanga. Nikampigia Mwanahawa akaja akakutolea jiko, na ameniambia ulilirudisha na ukamfukuza kwa fimbo. Simlaumu, wala wewe sikulaumu. Alikuwa anakupungia mikono na hukujua anataka nini. Ningeweza kumwomba mwalimu wa shule akuandikie kwenye karatasi. Sikutaka usome jambo hili kwa mkono wa mtu mwingine. Nimempa Stanley barua hii nimemshika mkono nikamwomba aifikishe leo leo.

Nilikudanganya. Haikuwa baridi.

Asubuhi ile Abbasi alirudi kutoka Mtumba akagonga sikuamka. Alivunja kioo cha dirisha. Mimi alinikuta sakafuni karibu na mlango, Shabani kitandani upande wa jiko. Alitutoa wote uani. Mimi nilirudi, mama. Shabani hakurudi. Daktari aliniambia nilipozinduka kwamba mkaa ukiwaka ndani palipozibwa unatoa hewa ambayo haionekani, haina harufu, haikohozi. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala. Mtoto mchanga ndio kabisa. Nilimwambia daktari umekosea, mkaa wetu hauna moshi. Akaniambia, hiyo hewa haihitaji moshi. Ningewasha ule mkaa mbovu wa muuzaji wa hapa ungetukohoza, ningeamka, ningefungua mlango. Wa kwako ulikuwa mzuri mno.

Nimelifikiria sana tembe la bibi. Kati ya ukuta na dari palikuwa na nafasi, tulikuwa tukilala tunaziona nyota, unakumbuka? Moto ulikuwa wazi na nyumba inapumua. Hii yangu haipumui. Na hiyo aliyoijenga Masudi ni hivyo hivyo. Sisi tulifurahi kwamba upepo hauingii.

Kichwa chako cha asubuhi ni kile kile changu. Miguu kulegea ni vile vile. Ndiyo maana nakuambia. Nilikuwa nimeapa nitakufa na hili moyoni, kwa sababu nilijua utakavyolipokea. Lakini nimesoma kuhusu kanga mlangoni, na kiapo kimenishinda. Siwezi kukupoteza na wewe kwa kunyamaza kwangu.

Na Rukia. Mwambie Mwanahawa. Nyumba yao mpya nayo ina siling. Mimi nimemwambia kwenye simu, akanijibu kwamba nimechanganyikiwa na msiba.

Nisamehe kwa kukudanganya. Nisamehe pia kwa kukuambia.

Batuli


Bereko
19 Julai 2024

Batuli, mwanangu,

Barua yako Stanley aliniletea mpaka kitandani. Nilianza kuisoma, nikalitoa jiko kama ulivyosema, nikarudi kuimaliza. Tangu siku hiyo liko nje na mvua ikija inyeshee humo humo. Kichwa hakiniumi tena asubuhi. Ningependa kiume, nisingekuwa na uhakika kwamba ni mkaa.

Kuna maneno hukuyataja. Nimeyatafuta mstari kwa mstari, umeyaruka yote. Mimi ndiye niliyekuambia jiko ulisogeze upande wa mtoto. Mimi ndiye niliyekuambia uzibe mlango. Miriam alikuambia ufungue dirisha nami nikamkejeli, mwanamke wa watu ambaye sijamwona. Umenisitiri, lakini niliyaandika kwa mkono wangu na nayakumbuka. Sijui niombe msamaha kwa maneno gani. Nimekaa na kalamu asubuhi nzima. Nilikuwa na la kusema kwa kila jambo, sasa nikifungua mdomo naogopa.

Ukuta nimeufuta mwenyewe. Nilidhani nautunza kwa ajili yake. Niliuona ule mkaa pale nikashindwa kuvumilia.

Rukia kajifungua Jumanne, mtoto wa kike. Nilikwenda na fimbo yangu nikaona jiko liko chumbani, limekolea, dirisha limefungwa, mkaa ni ule niliowachagulia. Nililitoa. Mwanahawa akalirudisha. Nikalimwagia maji, kukawa na ugomvi, nadhani walipiga kelele, niliona midomo tu. Nikamwita mwalimu awasomee barua yako. Ilinichoma kuwapa watu msiba wetu kama gazeti, nikawapa hata hivyo. Mwalimu alisoma yote. Wakanitazama kwa huruma, kisha Mwanahawa akachukua kalamu ya mwalimu akaniandikia nyuma ya bahasha, hii hapa nainakili: "Dada Hamida, ni wewe uliyetufundisha kwamba mkaa usio na moshi hauna madhara. Sote tumelala na moto. Pole na msiba."

Wananijibu kwa maneno yangu, Batuli. Miaka yote wamenisikiliza, na siku ninayotaka wasinisikilize hawawezi kuacha. Rukia mwenyewe, binti wa watu, alinitabasamia kitandani. Akachukua vipande viwili vya mkaa akavigonganisha karibu na sikio langu, kunionyesha kwamba ni ule mzuri, kwamba nisiwe na wasiwasi.

Wanasema nina kijicho na mtoto wa Rukia kwa sababu wangu wamekufa. Mwalimu hakutaka kuniandikia hilo, nimelisoma usoni mwa watu sokoni. Masudi bado yuko safarini. Muuguzi wa zahanati amekwenda kijiji cha pili kwa chanjo, atarudi sijui lini. Sina mwingine.

Kwa hiyo nimebeba kigoda changu nimekiweka kizingitini kwa Rukia. Nakaa hapo kila jioni, mgongo kwenye mlango uliofunguka, na nalala hapo hapo nikiwa nimekaa. Wakitaka kuufunga wanitoe kwanza mimi, na mtu mzima mwenye mguu mbovu hatolewi hivi hivi mbele ya majirani. Mwanahawa amenitukana mpaka amechoka, mimi sisikii. Hilo ni jambo moja masikio haya yamenisaidia. Wamemfunika mtoto mablanketi matatu kwa sababu yangu, wanasema nimeiingiza baridi ndani. Na kweli nimeiingiza. Nikimwona anatikisa blanketi najua yu hai. Akitulia sana nampapasa mguu mpaka alie, na mama yake analia naye.

Sijui nitaweza mpaka lini. Upepo unashuka mlimani moja kwa moja unanipiga usoni. Sijawahi kusikia baridi namna hii maisha yangu yote.

Ukiweza kuja, njoo. Usilete kitu kingine. Niletee sweta nzito.

Mama yako,
Hamida